Mbuzi Kwenye Gunia: Labubu atoka kwenye boksi, aingia kwenye simu na sinema

Boksi la Labubu linaenea kiganjani. Ukishalifungua unakuta mfuko wa rangi ya fedha usiopitisha mwanga, na ndani ya mfuko yumo mdoli mwenyewe: uso wa vinili, mwili wa manyoya, masikio marefu kama ya sungura, na meno tisa yaliyochongoka, kicheko cha mtu aliyekuibia kitu na anajua hutamkamata. Pembeni kuna kadi yenye picha yake. Basi. Hakuna kijitabu, hakuna kisa, hakuna hata mstari mmoja unaokwambia huyu katokea wapi na anataka nini. Rangi yake hukuijua mpaka ulipochana mfuko, na pesa ulishalipa.

Kwa Kiswahili hiyo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na tumeuweka msemo huo uwe onyo. Kampuni ya Pop Mart ya Beijing imeligeuza gunia lenyewe kuwa bidhaa, na watu wakapanga foleni kulinunua.

Kisa ninachokichambua hapa si cha foleni hizo, maana zimeshaandikwa sana. Ni cha kilichofuata. Juni 2024 Pop Mart ilitoa nchini China gemu ya simu yenye wahusika wake, Labubu akiwemo. Mwaka 2025 ikaanzisha studio ya filamu, na kazi iliyotajwa mwanzoni kabisa ikawa katuni za Labubu na wenzake. Novemba 2025 jarida la habari za filamu, The Hollywood Reporter, likaripoti kwamba Sony Pictures imechukua haki za kumtengenezea Labubu filamu. Ndani ya miezi kama kumi na minane, mdoli uliokuwa ukining'inia kwenye mikoba umetakiwa uwe mchezo wa kila siku, kipindi cha kutazamwa na sinema ya Hollywood.

Watu wengi wanaiona hatua hii kuwa moja: kampuni inapanuka. Mimi naziona hatua mbili zisizofanana kabisa. Gemu inamwomba Labubu afanye kitu ambacho tayari alikuwa anakifanya vizuri zaidi mahali pengine. Katuni inamwomba afanye kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu Pop Mart imchukue, ingawa ndicho alichozaliwa nacho.

Alizaliwa akiwa na kisa

Hili husahaulika. Labubu hakubuniwa na idara ya masoko. Alichorwa na Kasing Lung, msanii aliyezaliwa Hong Kong mwaka 1972, akahamia Uholanzi akiwa mtoto, kisha akafanya kazi ya kuchora vitabu vya watoto huko Ubelgiji. Mwaka 2015 alitoa vitabu vya picha vya The Monsters, vilivyochota kwenye ngano za mazimwi na viumbe wa misituni wa Ulaya ya Kaskazini alizozisoma utotoni. Humo ndimo alimotoka Labubu, pamoja na Zimomo, kiongozi mwenye mkia, na Tycoco, kiumbe mwenye sura ya fuvu ambaye kwa upole wake huwezi kumwogopa hata ukijitahidi.

Tabia ya Labubu iliwekwa tangu mwanzo na haijabadilika kwenye maelezo rasmi: ana moyo mwema, anapenda kusaidia, lakini akitia mkono jambo mara nyingi huharibika. Shika hilo, tutalirudia, kwa sababu ndilo jambo la maana kuliko yote katika mpango mzima wa filamu, na karibu hakuna mnunuzi anayelijua.

Sanamu za kwanza zilitengenezwa na kampuni ya How2work ya Hong Kong, kwa kundi dogo la wakusanyaji. Mwaka 2019 Lung aliingia mkataba na Pop Mart. Hata hapo Labubu hakulipuka. Wakati ule nyota wa duka alikuwa Molly, binti mwenye midomo iliyobinuka aliyebuniwa na Kenny Wong, na huyo Molly ndiye aliyeifundisha kampuni biashara ya maboksi ya bahati kuanzia 2016. Labubu alibaki sanamu miongoni mwa sanamu.

Kilichobadilika ni mwili. Mwishoni mwa 2023 Pop Mart ilimvika manyoya, ikambakizia uso mgumu, ikamtia kitanzi juu ya kichwa. Sanamu ya kukaa kabatini ikawa pambo la mkoba. Aprili 2024 Lisa, mwimbaji Mthailand wa kundi la Blackpink la Korea Kusini, akaonekana naye, Thailand ikawaka moto, na moto ukasambaa. Mapato ya familia nzima ya The Monsters yalikuwa yuan milioni 368 mwaka 2023. Mwaka 2024 yakafika yuan bilioni 3.04. Hakuna kitabu kipya kilichotoka katikati, wala kipindi, wala wimbo. Kitanzi tu na manyoya.

Basi tukubaliane: Labubu aliuzika bila kusema neno, na pengine kwa sababu hakusema. Mdoli usio na kisa unaubebesha chako. Mwenye huzuni anaona kicheko cha ukaidi, mwenye furaha anaona utundu, na mwenye pesa anaona namna ya kuwaambia wenzake kwamba ameupata. Hello Kitty, paka wa kuchora wa kampuni ya Sanrio ya Japani, aliyebuniwa mwaka 1974, amekula riziki hiyo kwa miaka hamsini, naye hata mdomo hana.

Hesabu ya gunia

Kabla ya kuifikia simu, inabidi tulifahamu boksi, kwa sababu gemu yote imo humo.

Mfululizo wa kawaida wa Labubu wa kutundika una aina sita, na ya saba ni toleo la siri ambalo kwa wastani hutoka mara moja katika maboksi 72. Mfululizo uliotoka Aprili 2025 uliuzwa China kwa yuan 99 kwa boksi. Ukinunua kasha zima la maboksi sita kwa mpigo, unapata aina zote sita kwa yuan 594, labda moja ipishwe na ile ya siri. Lakini mwenye hela ya boksi moja leo na moja mwisho wa mwezi hesabu yake ni nyingine. Akiokota moja moja kwa kubahatisha, atahitaji kwa wastani maboksi karibu 15 kukamilisha sita, yaani yuan 1,485 hivi, na atabaki na marudio tisa. Akitaka toleo la siri, inambidi anunue kama maboksi 50 ndipo nafasi yake ifike nusu kwa nusu. Hiyo ni yuan 4,950, na bado sarafu iko hewani.

Marudio hayo tisa ndiyo yaliyojenga jamii. Watu wanabadilishana, wanauziana, wanakutana kwa ajili hiyo. Dukani utamwona mtu ameshika boksi sikioni, analitikisa taratibu kama daktari anayesikiliza kifua, anasikiliza mdoli unavyogonga kuta. Wengine huenda na mizani ndogo ya kielektroniki, wakiamini toleo la siri lina uzito wake. Ujuzi huo una thamani gani, ni mjadala. Ila raha yake ni ya kweli.

Kisha kuna walanguzi. Bila wao hadithi ya Labubu ingekuwa fupi. Bei kwenye masoko ya mitumba ya mtandaoni kama Xianyu ndiyo iliyowaambia watu wa kawaida kwamba huu si mdoli tu. Juni 2025 Labubu mwenye urefu wa sentimita 131 alipigwa mnada Beijing kwa yuan milioni 1.08. Mwezi mmoja kabla, Pop Mart ilikuwa imesimamisha kuuza Labubu wa manyoya katika maduka yake ya Uingereza kwa sababu ya vurugu za kwenye foleni.

Kwa hiyo anayenunua boksi ananunua vitu vitatu kwa pamoja: mshtuko wa kufungua, fahari ya kuonyesha, na tumaini la kuuza. Viweke akilini hivyo vitatu, kisha tuwashe simu.

Gemu iliyokuwepo kabla ya gemu

Pop Mart ilikuwa na gemu ya simu miaka kadhaa kabla ya 2024. Haikuiita hivyo tu.

Ndani ya WeChat, programu ya ujumbe na malipo inayotumika sana China, kampuni ina programu ndogo ya kuchopoa maboksi. Unaifungua, unaona kasha limejaa maboksi yaliyopangwa. Unagusa moja, linakuja mbele. Unalitikisa kwa kuitikisa simu, nayo inakupa fununu: humu hamna fulani. Kuna kadi za msaada zinazoondoa uwezekano mmoja au kukufunulia kilichomo. Ukiridhika unalipa, boksi linachanika kwenye kioo, unaona ulichopata. Usiporidhika unalirudisha na kuchagua jingine. Kisha mdoli halisi, wa vinili na manyoya, unatumwa nyumbani kwako.

Itazame vizuri. Ina zamu, ina fununu, ina zana za kumsaidia mchezaji, ina ushindi na ina maumivu. Ile raha ya kutikisa boksi dukani imehamishiwa mkononi bila kupotea sana. Na mwisho wa mchezo kuna kitu cha kushika. Wabunifu wa gemu wanaweza kuhangaika miaka wasipate mzunguko ulionyooka hivyo. Ni duka lililovaa nguo za mchezo, na limeivaa nguo hiyo vizuri mno hata likaifanya gemu halisi iliyokuja baadaye ionekane kama mgeni aliyechelewa.

Gemu hiyo, inayoitwa Makazi ya Ndoto kwa tafsiri ya jina lake la Kichina, ilitoka Juni 2024. Mchezaji anajenga makazi, anayapamba, anazungukwa na wahusika wa Pop Mart, anacheza michezo midogo na wenzake. Ni aina ya gemu ya kupumzika nayo. Sina ugomvi nayo kama gemu. Ugomvi wangu ni na swali inaloliacha wazi: katika vile vitu vitatu, inampa mnunuzi kipi? Mshtuko anaupata kwenye programu ya kuchopoa, tena akiambatanishiwa mdoli. Fahari ya kuonyesha inaishia kwenye kioo chake, ilhali Labubu wa mkobani anaonwa na behewa zima la treni. Tumaini la kuuza halipo kabisa, kwa kuwa pambo la ndani ya gemu kwa kawaida haliuziki nje yake.

Kinachobaki ni ukaribu, yaani kukaa na wahusika kila siku. Si kidogo, lakini ukaribu unataka tabia, na tabia ndiyo iliyoachwa kwenye vitabu vya 2015.

Kuna kejeli ya kihistoria hapa ambayo siwezi kuipita. Mashine za kutoa midoli kwenye vidonge vya plastiki zipo Japani tangu miaka ya 1960. Unatia sarafu, unazungusha kishikio, gacha gacha, kidonge kinaanguka, pon. Kutoka kwenye sauti hiyo kukapatikana neno gacha, na miaka ya 2010 watengenezaji wa gemu za simu wa Japani wakalichukua neno pamoja na utaratibu wake: lipa, zungusha, omba Mungu. Hapo bahati ya mdoli ikawa bahati ya tarakimu, na pesa zikamiminika hata serikali zikaingilia. Mei 2012 mamlaka ya watumiaji ya Japani iliutangaza kuwa haramu mtindo wa kumlazimisha mchezaji akamilishe seti nzima ya bahati ndipo apate zawadi kubwa. Kuanzia Mei 2017 China iliyataka makampuni ya gemu yatangaze wazi uwezekano wa kupata kila kitu. Mwaka 2018 Ubelgiji, nchi ile ile alikofanyia kazi Lung, iliamua kwamba visanduku vya bahati vya kulipia ndani ya gemu ni kamari.

Yaani boksi la bahati lilitoka kwenye mdoli likaingia kwenye gemu, likapata jina baya huko, likarudi kwenye mdoli likiwa na sura ya utoto, na sasa linataka kuingia tena kwenye gemu. Safari hii kila mlango una askari.

Askari hao ni wa kweli. Gemu haiuzwi China bila leseni ya serikali. Tangu Septemba 2021 watoto chini ya miaka 18 wanaruhusiwa kucheza gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Maboksi yenyewe yana mwongozo wake wa Juni 2023, unaokataza kuwauzia watoto wa chini ya miaka 8. Na Juni 2025 gazeti la Chama cha Kikomunisti cha China, People's Daily, lilipochapisha maoni ya kutaka maboksi ya bahati na kadi za watoto zibanwe zaidi, hisa za Pop Mart ziliporomoka siku hiyo hiyo. Kampuni ambayo hisa zake hutetemeka kwa makala moja ya gazeti haina sababu ya kutia bahati ya kulipia ndani ya gemu yake. Ikiitia inajichongea. Isipoitia, itafute mapato kwingine, na hapo inashindana na makampuni yasiyo na kazi nyingine ila gemu.

Na gharama? Mdoli ukishauzwa umeuzwa. Haurudi kuomba chochote. Gemu ni mwanafunzi wa bweni: kila wiki inataka seva, inataka matukio mapya, inataka marekebisho ya hitilafu, inataka mtu wa kujibu malalamiko saa saba usiku. Kampuni ya Ganz ya Kanada iliyajua hayo mapema. Mwaka 2005 ilitoa midoli ya Webkinz, kila mmoja ukiwa na msimbo wa siri kwenye lebo unaofungua mnyama huyo huyo mtandaoni, chumba chake na pesa zake za kuchezea. Ilivuma sana. Lakini msimbo ule uliigeuza biashara ya kuuza midoli kuwa biashara ya kupangisha vyumba, na mpangaji hamalizi mahitaji. Teknolojia ya Flash, iliyoendesha michezo ya kwenye tovuti, ilipozimwa mwishoni mwa 2020 ilibidi ulimwengu mzima uhamishwe kwenye programu ya kusakinishwa, kwa ajili ya wateja ambao wengine walilipa mara moja tu wakiwa darasa la tatu.

Kama Pop Mart inataka gemu, mfano mzuri uko jirani. Hello Kitty Island Adventure, ilitoka 2023 kwenye Apple Arcade, huduma ya gemu ya kampuni ya Apple, ambako inalipiwa kupitia ada ya huduma nzima. Huko hakuna cha kununua ndani ya gemu wala cha kubahatisha. Mchezaji anazunguka kisiwa, anawapa wahusika zawadi wanazozipenda, urafiki unakua. Sanrio haikujaribu kuuza kitu humo. Iliwapa wahusika nafasi ya kufahamika. Pesa zikaachwa zitafute njia yake kupitia madaftari, mikoba na midoli, ambako ndiko zilikozoea.

Meno tisa bila sauti

Sasa katuni, na hapa ndipo ninapoachana na wanaosema Labubu ataharibiwa akianza kusema.

Hofu yao ina mashiko. UglyDolls, midoli ya kitambaa iliyoanza 2001 kwa mikono ya David Horvath na Sun-Min Kim, ilipendwa kwa sababu ya ubaya wake wa kuchekesha na sentensi chache kwenye lebo. Mwaka 2019 ikatengenezewa filamu ya muziki yenye sauti za watu maarufu, ikakusanya kama dola milioni 32 duniani kote, chini ya gharama za kuitengeneza. Mdoli uliokuwa wa kila mtu ukawa wa filamu moja ambayo watu hawakuipenda. Hilo ndilo jambo la hatari: filamu mbaya haiishii kwenye sinema. Inamfuata mhusika hadi dukani.

Lakini Pop Mart nayo iliona upande wa pili kwa macho yake. Ne Zha 2 ilitoka China tarehe 29 Januari 2025 ikawa filamu ya katuni ya kwanza kuvuka dola bilioni 2. Pop Mart ilikuwa na maboksi ya bahati ya wahusika wake, na yaliisha kwenye rafu kabla watu hawajamaliza kusimuliana mwisho wa filamu. Wanunuzi wale hawakuwa wakusanyaji wa Labubu. Walikuwa familia zilizotoka ukumbini zikitaka kuondoka na mtu waliyemlilia. Kwa kampuni iliyojengwa juu ya midoli isiyo na visa, hilo lilikuwa somo ghali lililotolewa bure. Huko Japani Pokémon waliujua ukweli huo tangu zamani: gemu ilitoka Februari 1996, katuni Aprili 1997, na mdoli wa Pikachu akauzwa kwa watoto waliokwisha kumfahamu kwa sauti, kwa tabia na kwa hasira zake.

Turudi sasa kwenye ule mstari niliosema tuushike. Kiumbe mwenye moyo mwema, anayependa kusaidia, na kila akisaidia anaharibu. Huo si mstari wa matangazo tu. Ni mtambo wa vichekesho uliokamilika. Mpe Labubu kikapu cha mayai, mwambie avushe mto, na tayari una kipindi cha dakika tano. Mweke pamoja na Zimomo anayedhani anaongoza na Tycoco anayetaka amani tu, na una msimu mzima. Wala hawahitaji kusema. Katuni fupi zisizo na mazungumzo zinavuka mipaka bila tafsiri, na zinamwachia mtazamaji ule utupu alioupenda kwenye mdoli.

Ndiyo maana katuni fupi za studio yao naziona ni uamuzi mzuri, mzuri kuliko gemu, na pengine mzuri kuliko filamu. Gharama yake inabebeka. Moja ikiwa mbovu inasahaulika wiki ijayo. Na kwa mara ya kwanza tangu 2019 zinampa Lung nafasi ya kuwa mwandishi tena badala ya chanzo cha rangi mpya.

Kwa nini haraka hii

Jibu limo kwenye hesabu za kampuni. Mwaka 2022 Pop Mart ilionja uchungu: faida ilishuka hadi yuan milioni 476 kutoka milioni 854 mwaka uliotangulia, na watu wakaanza kusema maboksi yamepita. Labubu ndiye aliyeinyanyua. Katika nusu ya kwanza ya 2025 mapato yalifika yuan bilioni 13.88, zaidi ya mwaka mzima wa 2024 uliokuwa na bilioni 13.04. Midoli ya manyoya ilizipita sanamu kwa mapato kwa mara ya kwanza. Na The Monsters peke yao walileta yuan bilioni 4.81, asilimia 34.7 ya kila kitu.

Theluthi moja ya nyumba imeegemea nguzo moja yenye masikio marefu. Ngoma ikilia sana hupasuka, na viongozi wa Pop Mart wanajua hivyo kuliko mimi. Wang Ning, aliyeianzisha kampuni mwaka 2010, aliwahi kusema wazi kwamba anataka Pop Mart iwe kampuni ya China inayofanana zaidi na Disney. Disney haiishi kwa kuuza bahati. Inauza watu unaowafahamu.

Wakati huo huo kampuni imeamua kuua uhaba kwa mkono wake. Juni 2025 ilipofungua oda nyingi za mapema, bei za walanguzi zilianguka. Agosti uongozi ulisema uzalishaji wa midoli ya manyoya umefika kama milioni 30 kwa mwezi, zaidi ya mara kumi ya mwaka uliotangulia, na mwezi huo huo wakaja Labubu wadogo wa kutundikwa kwenye simu. Kibiashara ni sahihi: pesa ya mlanguzi ilikuwa haiingii kwa Pop Mart, na upungufu uliwalisha watengenezaji wa feki, wale Lafufu ambao Agosti hiyo tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilionya kwamba sehemu zake zinachomoka na kuweza kumkaba mtoto. Lakini ukiua uhaba, cha tatu katika vile vitatu kimekufa. Tumaini la kuuza halipo tena. Fahari nayo inapungua kila mkoba unapokuwa na wake. Baada ya Agosti hisa zilianza kuteremka.

Kwa hiyo katuni haikuja kama pambo. Imekuja kuziba pengo. Aliyekuwa ananunua kwa sababu Labubu ni adimu inabidi apewe sababu nyingine, na sababu pekee iliyobaki sokoni ni kumpenda Labubu mwenyewe.

Kuhusu filamu ya Sony, nionavyo mimi, kosa kubwa linaloweza kufanyika ni kuipeleka haraka ili iukute upepo. Filamu ya aina hii huchukua miaka. Upepo wa 2025 hautakuwepo, na filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu waliokuwa kwenye foleni itafunguliwa kwa watu waliosahau kwamba kulikuwa na foleni. Ni afadhali itengenezwe kana kwamba hakuna mtazamaji hata mmoja aliyewahi kumsikia Labubu.

Na kuna kazi moja ambayo gemu iliikwepa, katuni fupi zinaweza kuikwepa, lakini filamu ya dakika tisini itaikwepa kwa shida. Siku moja mtu ataketi kwenye chumba cha kurekodia, mbele ya kipaza sauti, picha ya yale meno tisa ikiwa kwenye kioo, na atatakiwa afungue kinywa.